Skrubu ikilegea, usiikaze nyumbani

"Mmemwekea mwanangu skrubu feki, nataka hela yangu." Tangu masika yaanze tumeambiwa hivyo mara tatu, na wiki jana ilisemwa pale mapokezi kwa sauti, benchi limejaa watu. Basi sisi wa kliniki ya meno tueleze hiyo skrubu ya kuvutia meno ni nini na kwa nini hulegea.

Meno ya mbele yakirudishwa nyuma kwa waya, lazima kuwe na kitu cha kuyavuta. Ukiyavuta kwa magego, magego nayo yanakuja mbele, na ile nafasi iliyopatikana kwa kung'oa jino inaliwa pande zote mbili. Mvuvi wa Kibirizi analijua hili: ukiwa ndani ya mtumbwi ukavuta kamba ya mtumbwi mwingine, yote miwili inasogea. Kwa hiyo tunatia nanga kwenye mfupa wenyewe, kiskrubu cha aloi ya titani, unene milimita 1.6 hivi, urefu 8.

Kiskrubu hiki hakishikani na mfupa kama jino la kupandikiza. Kinabana tu, maana kazi ikiisha tunakifungua. Na kinachobana hulegea, hasa miezi ya mwanzo. Tafiti zikijumlishwa, karibu 13 katika kila 100 hushindwa kushika, na hizo ni kazi za mabingwa. Ajabu ni kwamba taya la chini, lenye mfupa mgumu zaidi, ndilo linaloongoza kwa skrubu kulegea.

Mengine tunaweza kuyazuia, ndiyo maana hatuondoi eksirei kwenye bei hata ukibembeleza. Skrubu ikikaa karibu mno na mzizi, kila ukitafuna jino linaisukuma. Tunaikaza kwa mkono, polepole. Ukiona daktari ametulia dakika nzima bila kuzungusha, hajasahau, anaupumzisha mfupa.

Mengine yako mikononi mwako. Fizi ikivimba kuzunguka skrubu kwa uchafu, nanga inakaa kwenye tope. Tunatoa mswaki mdogo laini, halafu tunaambiwa umebaki Uvinza kwa shangazi.

Baba mmoja wa Ujiji, fundi redio, aliona skrubu ya binti yake inacheza. Nauli ya kuja kwetu ni ndogo, lakini yeye akachukua bisibisi yake ya kazini akaikaza. Siku ya tano shavu limejaa, usaha unatoka. Tukaitoa, tukasubiri fizi ipone, tukatafuta sehemu nyingine. Wakati huo gego lilishakuja mbele, na matibabu yakaongezeka miezi minne. Mzee aliudhika na bili, akasema angejua asingeigusa. Sisi tulikuwa tumemwambia, na karatasi alisaini.

Ikianza kucheza, usiisukume kwa ulimi wala kuivuta kwa kidole. Vua ile raba ya kuvutia meno kama tulivyokuonyesha, upige simu siku hiyohiyo. Ikilegea ndani ya miezi mitatu na hukukosa miadi, skrubu mpya hulipii, eksirei unalipia. Iliyodondoka haturudishii mdomoni, hata ukituletea ndani ya kiberiti.