Jumamosi: mchezo wetu wa silikanti

Habari za jioni wanakikundi. Jumamosi saa 3 asubuhi tunaendelea na mchezo wa samaki silikanti kwa miwani ya uhalisia pepe, ile inayomfanya mtoto aone kama yumo baharini, palepale Ngamiani.

Nawaomba sana tuache kumkimbiza mtoto ndani ya mchezo. Wiki iliyopita tulipomzamisha baharini kwa kasi, binti mmoja alivua miwani, jasho linamtiririka, akasema tumbo linamvuruga. Macho yanaona unakwenda, sikio la ndani linasema umetulia. Kichefuchefu huanzia hapo. Lakini samaki alipomfuata yeye pale alipoketi, alinyoosha mkono ayaguse mapezi, akauliza, "Mbona kama ana miguu?" Swali hilo ndilo somo lenyewe! Silikanti alidhaniwa ametoweka tangu enzi za dinosaria, hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, na yumo kwenye bahari yetu hii ya Tanga. Tumwache mtoto agundue mwenyewe, yale maelezo marefu tuyafute.

Miwani yetu, Quest, ni kwa miaka 10 kwenda juu, ndivyo watengenezaji wenyewe, Meta, walivyoweka. Wadogo zao tuwaletee udongo wamfinyange samaki. Kila zamu dakika 5, na mtu mzima asimame karibu. Atakayeleta viti, tafadhali visiwe vya magurudumu.