Magome ya mwarobaini yasichunwe kuzunguka shina

Mhariri,

Naomba nafasi niwaeleze wanaochuna magome ya mwarobaini kwa ajili ya dawa kwamba gome si ganda kavu tu. Upande wake wa ndani umo floemu, tishu inayosafirisha sukari kutoka majanini hadi mizizini, na shina likichunwa pande zote mizizi hukosa chakula ikafa, ingawa majani hubaki ya kijani kwa muda kwa sababu zailemu, iliyo ndani zaidi, bado inapandisha maji. Hapo ndipo wengi hudanganyika. Anayehitaji dawa (simsemi anayejaza magunia) achukue kipande chembamba upande mmoja, ili kambiamu, yaani tabaka jembamba chini ya gome linalotengeneza tishu mpya, iliyobaki pembeni iweze kuziba jeraha taratibu.

Msomaji wako,
Tanga