Kwa wajukuu wa waliolala Kaboya

Wajukuu zangu,

Nawaandikia ninyi ambao sebuleni kwenu kuna picha ya kijana mwenye kofia ya jeshi, na hamjui lolote juu yake zaidi ya kwamba alifia vitani. Ni baba yenu mkubwa, au mjomba, au ndiye babu aliyemzaa baba yenu. Alikwenda kumwondoa nduli Idi Amin, hakurudi. Mimi nilikwenda, nikarudi, na nina la kuwaambia kabla sijaondoka.

Habari za vita mtazisoma shuleni. Majeshi ya Amin yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, Mwalimu akalitangazia taifa Novemba, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Hayo hayatapotea. Anayepotea ni yule kijana. Wenzetu wengi wamelala Kaboya, wilayani Muleba, na jeshi linayatunza makaburi yao. Lakini jeshi halijui alikuwa anacheka vipi.

Nilikuwa na swahiba wangu, mgambo, si askari wa kazi. Kwao alikuwa fundi cherehani. Usiku kwenye handaki alitushonea vifungo kwa kupapasa, maana kuwasha taa ilikuwa marufuku. Akimaliza shati moja alikata uzi kwa meno, akanong'ona, "Nani mwingine?" Alimwacha mtoto wa kike ambaye hajaanza kutambaa, na hakuna siku iliyopita bila kumtaja. Miaka mingi baadaye nilikutana na binti huyo, mama mtu mzima sasa. Alichokuwa nacho ni maneno matatu: baba alikufa shujaa. Ufundi wa baba yake hakuwahi kuusikia. Nikamweleza habari ya vifungo. Akaniomba nirudie, nikarudia.

Ndiyo maana nawasihi: mkienda kwa wazee msianze na kifo. Waulizeni alipenda nini, aligombana na nani, shuleni alikuwaje, aliaga vipi asubuhi ile. Bibi akianza kulia, msimkatize wala msigeuze mazungumzo. Kaeni naye. Mara nyingi baada ya machozi ndipo linapokuja lile ambalo hajawahi kumwambia mtu.

Kuna jambo jingine, na hili ni gumu. Si wote waliokufa kwa risasi. Wapo waliokanyaga mabomu ya kutegwa, wapo waliopinduka na malori, wapo waliochukuliwa na maradhi. Nimezijua familia zinazoficha, zikatunga habari ya mapambano makali, kana kwamba kufa ajalini ni aibu. Hakuna aibu hapo. Aliitwa akaitika, na kama si kuitika asingekuwa kwenye lori lile. Semeni ilivyokuwa.

Na yule mjane. Hili huniuma kuliko yote. Baadhi yao walikuwa wasichana wadogo walipoletewa taarifa. Wakaambiwa wana mkosi. Wakagombaniwa na mashemeji, fedha za marehemu zikaliwa, watoto wakachukuliwa. Aliyeolewa kwingine alifutwa kabisa, hata jina lake halitajwi tena kwenye ukoo. Sasa ninyi mtamjuaje kijana yule bila mwanamke aliyemfungia mzigo wa safari? Mtafuteni. Msiende na maswali kwanza. Mwombeni radhi kwa niaba ya waliomfukuza, hata kama wao wameshakufa, halafu mnyamaze. Akitaka kusimulia atasimulia. Asipotaka, mmeshafanya lililowapasa.

Siku ya Mashujaa ni tarehe 25 Julai. Wenye uwezo wachukueni watoto mwende Kaboya. Wasioweza kusafiri, siku hiyo kusanyikeni nyumbani, mzee mmoja aseme na kijana mmoja aandike. Barua zake za zamani, vyeti na ile picha ya ukutani, pigeni nakala mgawane, visikae mikononi mwa mtu mmoja. Mkijua kikosi alichokuwa, ulizieni waliotumikia naye, kwani tuliobaki tunazidi kupungua. Chini ya kila habari wekeni jina la msimulizi na tarehe. Wasimulizi wawili wakipingana, msichague upande. Andikeni ya wote wawili.

Ni mimi babu yenu,
mpiganaji wa zamani