Ndege ya kujiundia nayo ipate jicho la pili

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi gazetini nizungumze na vijana wetu wanaotamani kujiundia ndege, na wazee wao. Kila tukisikia ndege ndogo iliyoundwa nyumbani imeanguka huko ng'ambo, barazani husemwa, "Injini imezima." Mara nyingine injini haina kosa lolote, usukani ndio ulioachia.

Mimi ni fundi wa mashine za boti, si mtu wa ndege. Lakini usukani naujua. Niliwahi kuletewa boti iliyopanda mwamba karibu na Misali, mashine yake nzima kabisa. Nikaufuata waya wa usukani kwa kidole mpaka nyuma. Nati ilikuwa imejifungua. Penye pini ya kukunja, ile inayoizuia nati isijifungue, mtu alitia msumari, nao ulikwishaliwa na chumvi, ukabaki mwembamba kama mwiba wa samaki. Nahodha alikuwa akizungusha usukani usioshika kitu. Alhamdulillahi, watu wote walitoka salama, kwa kuwa chini yao palikuwa na maji ya kiunoni.

Rubani hana maji ya kiunoni. Anapovuta usukani, waya na fimbo hupeleka ule mvuto hadi kwenye bapa la mkia, kile kipande kinachoinuka na kushuka, na pua ikapanda. Kiungo kimoja kikichomoka, pua haimsikilizi tena.

Wala msidhani haya ni ya mafundi wa uani peke yao. Januari 8, 2003, mjini Charlotte, Marekani, ndege ya abiria aina ya Beechcraft 1900 ilianguka mara tu baada ya kuruka, wakafa wote 21. Ilikuwa imezidi uzito, na waya za bapa la mkia zilifungwa vibaya kwenye matengenezo ya siku mbili kabla, hata marubani hawakuweza kuishusha pua. Linaloniuma zaidi ni hili: mkaguzi aliyepaswa kuikagua kazi ile ndiye aliyekuwa akimwelekeza fundi, na wakakubaliana kuruka baadhi ya hatua. Jicho lilikuwa moja.

Kijana anayejenga peke yake uani ana jicho moja pia, tena limechoka. Uingereza wana wakaguzi wanaopita tangu ndege ingali mbao na vyuma. Naiomba mamlaka ya usafiri wa anga itutengee mtu wa namna hiyo, ambaye kijana wa Wete au Makunduchi atampigia simu bila kuogopa kunyang'anywa kazi yake.

Na kabla ya kuwasha injini, mmoja akae kitini asukume usukani, mwingine asimame mkiani atazame bapa linakwenda wapi. Waya zikifungwa kinyume, ukivuta kupanda unashuka.

Atakayefika hatua hiyo hapa Pemba na akakosa mtu, aniite. Nitakuja kusimama mkiani, wala sitamtoza kitu.

Msomaji wako,
Fundi wa mashine za boti,
Wesha, Chake Chake, Pemba