Risala ya Kikundi cha Manusura wa Risasi kwa Mgeni Rasmi, Mwalo wa Kirumba, Mwanza

Ndugu Mgeni Rasmi,
Viongozi wa mtaa na wa mwalo,
Wazee wetu, wanakikundi na wageni waalikwa,

Wakubwa zetu shikamooni, na wengine habari za asubuhi. Tunamshukuru Mungu kwa kutukutanisha. Karibu sana Kirumba, kwenye mwalo wetu wa kushushia samaki.

Ndugu Mgeni Rasmi, kikundi chetu kilizaliwa wodini. Mimi katibu ninayesoma risala hii ni mvuvi wa dagaa. Usiku mmoja wa giza tulikuwa tumewasha taa, tunasubiri dagaa wakusanyike, tukasikia mtumbwi wa mashine unakuja bila mwanga. Tukadhani ni wenzetu wameishiwa mafuta. Walipofika ubavuni walitaka mashine yetu. Nahodha alichelewa kuifungua, bunduki ikalia, risasi ikanipata pajani. Wakaondoka na mashine, nyavu na betri za taa. Tulipiga kasia hadi alfajiri, paja langu limefungwa kwa shati la mwenzangu.

Nilipofikishwa kutibiwa, swali la kwanza lilikuwa, "PF3 iko wapi?" Ndugu yangu akakimbilia polisi kuifuata fomu hiyo ya majeruhi. Mimi nikabaki kwenye benchi, damu ikidondokea ndoo ya bluu ya kupigia deki. Ndoo ile naiona hadi leo.

Kitanda cha jirani alilala dereva wa bodaboda aliyepigwa risasi ya bega akinyang'anywa pikipiki. Usiku nilipoweweseka, yeye ndiye aliyeniamsha, akasema, "Kaka, uko nchi kavu." Maneno hayo ndiyo salamu yetu mpaka sasa.

Ndugu Mgeni Rasmi, wengi hudhani kidonda kikifunga mambo yamekwisha. Yupo dada yetu hapa, wakala wa fedha za simu, aliyevamiwa akifunga hesabu. Mkono ulipona, ila kwa miezi hakuthubutu kurudi kibandani. Pikipiki ikipunguza mwendo tu, alijificha chini ya meza. Tukapangana zamu. Kila jioni mmoja wetu alikaa naye pale nje mpaka afunge kufuli. Hatukuwa na ushauri wa kitaalamu wa kumpa, tulikaa tu. Leo anafunga mwenyewe, na ndiye mweka hazina wetu.

Pamoja na kufarijiana na kuchangiana nauli za kliniki, tunazunguka mialoni kuzungumza na vijana na wazee kuhusu silaha. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 ipo, na nchi yetu ilitia saini Itifaki ya Nairobi ya kudhibiti silaha ndogo mwaka 2004. Lakini ziwa hili ni la nchi tatu, na mtumbwi haupiti getini. Anayejua gobore limefichwa wapi ni jirani, na jirani anaogopa kuitwa mchongezi, au kufuatwa usiku. Hofu hiyo hatuilaumu, tunaijua. Ndiyo maana tunaomba anayetoa taarifa alindwe jina lake, na doria ya ziwani iwepo hasa siku za giza, wavuvi wa dagaa wanapokuwa kazini.

Tunao pia wenzetu waliobaki na ulemavu wa kudumu. Katika mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Tunaomba ofisa maendeleo ya jamii aje hapa mwaloni atusaidie kujaza maombi, maana kupanda daladala na magongo mara tatu kufuata sahihi moja ni mateso.

Ombi letu kubwa ni moja, na tukipata hili tu tutarudi nyumbani na furaha. Mtu akifikishwa na jeraha la risasi, damu izuiwe kwanza. PF3 ifuatwe yeye akiwa kitandani, si kwenye benchi.

Ndugu Mgeni Rasmi, naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanakikundi