Aliye nyuma ya pazia

Minneapolis, Marekani, Januari

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Baba naye mfikishie shikamoo yake. Mimi huku ni mzima wa afya, hofu ni kwenu tu mlio mbali na upeo wa macho yangu. Unaona, barua ya darasa la tano bado ninayo kichwani! Hii anakuja nayo yule kijana wa Barabara ya 12, pamoja na mfuko mweusi.

Baridi sikusimulii, utalia bure. Kazi ni ile ile ya kuuguza wazee, sasa niko zamu ya usiku. Chumba cha mwisho kuna bibi wa miaka 88 asiyepata usingizi, mdomo wake lakini ni wa miaka 20. Jumamosi akaniambia nikishazungukia vyumba vyote nirudi kwake, anionyeshe sinema ya usichana wake.

Inaitwa Lili, ya mwaka 1953. Hadithi iko Ufaransa, kwenye kanivali, yale maonyesho ya kuhamahama: leo wako mji huu, kesho wanang'oa mahema. Kuna bembea, sarakasi, mazingaombwe. Lili ni yatima wa miaka 16, anafika mjini na kijibegi chake kumtafuta rafiki wa marehemu baba yake, mwoka mikate, anakuta naye kafa. Anamfuata mfanya mazingaombwe mmoja mtanashati, anapewa kazi ya kuhudumia meza, anafukuzwa siku hiyo hiyo kwa kusahau wateja na kukodolea macho maonyesho. Usiku anaanza kupanda ngazi ndefu ya wanasarakasi, na si kwa kucheza, mama.

Hapo sauti ikamwita. Ni kikaragosi, mwanasesere wa kuvalishwa mkononi, nywele nyekundu kama karoti. Lili akashuka, wakazungumza. Wakatokea wengine: mbweha mwizi mwizi, bibie mwenye maringo, na jitu moja kubwa lenye haya. Binti anawajibu kama anavyokujibu mtoto wa jirani, wala hakumbuki kwamba nyuma ya pazia kuna mtu. Nilikuja kucheka, nikajikuta nimekaa kitako. Leslie Caron, aliyecheza Lili, alianza kama mcheza baleti, Mfaransa kweli, na ana macho ya mtu anayeamini anachoambiwa.

Huyo wa nyuma ya pazia ni Paul. Alikuwa mchezaji dansi, vita vikamwacha na mguu wa kuchechemea. Akiwa mbele ya Lili uso kwa uso ni pilipili tupu, hata kofi anampiga. Akishaingiza mkono ndani ya mwanasesere, anambembeleza na kumuuliza ana nini leo. Mapenzi yote anayo, ila hayapiti mdomoni mwake mpaka ayaazimie mdomo wa kitambaa.

Ukisikia filamu ya muziki usidhani wanaimba kila dakika. Wimbo mmoja tu ndio unaokaa kichwani, na mtunzi wa muziki wake, Bronislau Kaper, mzaliwa wa Poland, alipata Oscar kwa filamu hiyo. Bibi aliuimba kwa kupiga vidole kwenye chuma cha kitanda.

Lili anapoaga, anawakumbatia wanasesere wake, anahisi mikono inatetemeka. Anavuta pazia. Halafu anaondoka, yuko peke yake barabarani na begi lake, na hapo bibi akazima televisheni.

"Mwisho je?" nikamuuliza.

"Anarudi kwa Paul mbio. Mwaka 1953 nililia kwa furaha. Siku hizi namwacha barabarani."

Nilimwomba aiwashe, nikamalizia. Anarudi kweli, na mimi yule mtu wa makofi nisingemrudia, hata awe na wanasesere mia. Lakini usingizi wa asubuhi ile ulinipaa, nikimfikiria baba.

Usicheke. Baba hajawahi kuniuliza kama nimekula. Nilipokuwa nikirudi shule nilikuwa nikimsikia barazani: "Huyo kishakula?" Nawe unatoka jikoni kuniuliza, kama vile swali ni lako. Mpaka leo nikipiga simu nasikia kikohozi chake kando yako, halafu unaniambia, "Uvae nguo nzito, mwanangu." Mama, wewe baridi ya Minneapolis umeijulia wapi? Anayesikiliza taarifa ya hali ya hewa ya dunia nzima kwenye redio ni nani hapo nyumbani?

Ndani ya mfuko, vitenge viwili ni vyako, kalamu za wino gawieni watoto. Soksi nene za kijivu ni za baba, kwa ile ganzi ya miguu. Usimwambie neno lolote, mpe tu. Akitaka kujua zimetoka wapi, namba yangu anayo.

Mwanao wa tatu