Kushindwa rufani Marekani si kuthibitishwa hatia

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu miaka mingi bila kuwaandikia. Safari hii siwezi kunyamaza. Habari yenu ya kijana wetu, mpwa wangu, aliyeshindwa rufani katika mahakama ya shirikisho Marekani imedai majaji "wamethibitisha ana hatia". Hawakufanya hivyo.

Huku Marekani, mrufani akilalamika kuwa ushahidi haukutosha, majaji hawaupimi upya. Tangu kesi ya Jackson dhidi ya Virginia, 1979, wanautazama kwa namna inayoupendelea upande wa mashtaka, kisha wanajiuliza: je, juri (jopo la raia wanaoamua hatia) yoyote yenye busara ingeweza kumtia hatiani bila shaka ya msingi? Jaji ambaye yeye mwenyewe angemwachia mtu huyo, bado anaweza kuitupa rufani yake.

Afrika Mashariki tumezoea mengine. Kwa mujibu wa Okeno dhidi ya Jamhuri, 1972, mahakama ya rufani ya kwanza huupitia ushahidi wote upya na kufikia uamuzi wake. Kwa mazoea hayo dada yangu alipita kwa jamaa akichangisha nauli, shahidi atoke Tanga na risiti zake aje kumsemea mwanawe kwenye rufani. Wakili akapokea ada yake, michango akaiona, na hakutamka kwamba majaji wale hawasikilizi shahidi mpya hata mmoja! Na wakili yule wa kesi ya mwanzo hakuomba kijana aachiwe kwa upungufu wa ushahidi, ombi ambalo Kanuni ya 29 ya kesi za jinai za shirikisho inaliruhusu hadi siku 14 baada ya uamuzi wa juri. Kwa kimya chake, rufani ikawa ngumu maradufu. Hoja hiyo ya upungufu wa ushahidi ingeshinda, asingeshtakiwa tena kwa kosa lile. Mpwa wangu yuko ndani mpaka leo.

Viongozi wa jumuiya zetu nao huwakaribisha mawakili wa aina hii kwenye sherehe za Muungano, wagawe kadi, wapige picha. Hakuna anayewauliza wamesimamia rufani ngapi.

Sahihisheni kichwa kile cha habari, ukurasa uleule, herufi za ukubwa uleule. Na kila mkichapa habari kama hiyo, wekeni chini yake kisanduku cheusi: taarifa ya kukata rufani iwasilishwe ndani ya siku 14 tangu hukumu kuingizwa rasmi, ulizeni kama ombi la Kanuni ya 29 limewasilishwa, msimkatie shahidi tiketi.

Msomaji wenu,
Houston, Texas